Tone Moja la Dawa ya Kondoo

Maneno yenyewe Mama Kidoti aliyasikia bombani siku ya Jumanne, ndoo yake ikiwa ya nne kwenye foleni. Aliyeyaleta ni muuza mkaa, na kama ilivyo kawaida yake, aliyaleta yakiwa bado ya moto.

“Mmesikia habari za yule mchunga kondoo wa ng'ambo ya barabara? Kang'olewa jicho. Funza wa kondoo alimwingia, akawa anapanda kuelekea kwenye ubongo. Madaktari wakaona bora waling'oe kabla hajafika.”

“Nani kakwambia?” akauliza mmoja.

“Aliyemwona.”

“Na aliyemwona ni nani?”

“Teka maji, dada. Mimi nakuletea habari, wewe unataka na cheti chake cha kuzaliwa.”

Watu wakacheka. Mama Kidoti hakucheka. Alijitwisha ndoo yake ikiwa haijajaa vizuri, akaenda zake, na njia nzima maji yakawa yanamwagikia shingoni bila yeye kuhisi.

Alikuwa na sababu ya kuogopa kuliko wenzake. Kazi yake ilikuwa ya vichwa. Nyuma ya machinjio kulikuwa na uwanja wenye moshi ambapo wanawake saba walipokea vichwa vya kondoo vikiwa bado na damu, wakavibabua manyoya kwa moto, wakavikwangua kwa kisu, wakavipasua kwa shoka, wakaviosha na kuviuza. Miaka tisa amekaa kwenye kigoda chake pale. Na mtu anayepasua vichwa vya kondoo anawajua wale funza kama anavyowajua majirani. Wamejibanza ndani kabisa, kule pua inakokutana na paji la uso: wanene, weupe wa maziwa, wana mistari myeusi mgongoni, mkubwa wao kama ncha ya kidole. Alikuwa akiwachokonoa kwa ncha ya kisu na kuwatupa motoni huku anaendelea na mazungumzo yake.

Tangu Jumanne ile, mazungumzo yalikatika. Kila alipopasua kichwa na kumwona mmoja anajikunja, alijikuta anajifuta macho kwa sehemu ya juu ya mkono, ile isiyo na damu.

Siku mbili baadaye akatokea mwanamke mmoja kijana, amevaa koti jeupe na viatu vya mpira, kabeba kasha la chupa ndogo zenye spiriti. Alikuwa mtafiti wa mifugo. Akasalimia mmoja mmoja, akaomba kila kichwa kinachopasuliwa akitazame kwanza, na kila funza aliyemwona akamwokota kwa koleo dogo, akamtia chupani, akaandika. Kabla ya saa sita kina mama walikuwa wameshampa jina: Bibi Chupa.

“Sasa dada,” akamwuliza mzee wa uwanja ule, mama mmoja aliyebakiwa na meno machache lakini ulimi wote, “hao wadudu unawapeleka wapi? Wana kesi?”

Bibi Chupa akacheka. “Kwanza nawahesabu, mama. Mpaka sasa katika kila vichwa kumi, saba vina funza. Ni wengi mno. Halafu tunapima vinasaba vyao, tujue kama hawa wa kondoo wa milimani ni ukoo mmoja na hawa wa huku bondeni, au kila mahali pana wake.”

“Yaani umesoma kote huko uje kutafuta ukoo wa funza? Humu mtaani tuna watu baba zao hawajulikani, na hakuna aliyeleta chupa.”

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Bibi Chupa mwenyewe akacheka hadi koleo likamtoka. Kisha akasema, “Lakini nina jambo la kuwaambia. Huyu nzi hatagi mayai. Anazaa watoto wadogo sana, anawarusha puani mwa kondoo huku anaruka. Mara mojamoja anakosea shabaha, anawarushia watu machoni. Sasa ikitokea hivyo...”

Mama Kidoti hakungoja asikie ikitokea hivyo inakuwaje. Neno “machoni” lilimtosha. Tena uwanjani walishanong'ona kwamba wale wanaohesabu ndio wanaofunga biashara za watu; wakishapata hesabu yao wanakwenda kuandika kwamba vichwa haviliwi. Akabeba beseni lake, akajifanya anakwenda kumwaga maji machafu. Aliporudi, Bibi Chupa alikuwa ameshamaliza kusema.

*

Kidoti alikuwa binti yao wa pekee, ana miaka tisa, na jina lile alipewa kwa sababu ya alama nyeusi juu ya mdomo. Baba yake alikuwa mchuuzi wa kondoo. Alinunua wachache wachache kutoka kwa wafugaji, akawaweka kwenye zizi nyuma ya nyumba wiki mbili tatu wanenepe, kisha akawapeleka machinjioni. Kwa hiyo nyumba ile iliishi kwa kondoo kuanzia kwato mpaka masikio.

Jumapili, jua likiwa utosini, Kidoti alikuwa zizini anawapelekea maji. Kondoo walikuwa wamechachamaa. Walipiga miguu chini, wakakimbia kidogo na kusimama, wakaficha pua ndani ya manyoya ya wenzao. Mtoto akainua uso kuangalia wanakimbia nini. Akahisi kitu kimempiga jichoni, kama mtu kamtupia punje ya mchanga.

Akaingia ndani akiwa amelifunika kwa kiganja. “Mama, jicho linaniwasha.”

“Usilifikiche. Njoo mlangoni nione.”

Mama akamkalisha kizingitini, akamfunua kope. Jicho lilikuwa jekundu, limejaa machozi. Mwanzo hakuona kitu. Kisha akaona. Kitu cheupe, chembamba kuliko uzi, kifupi kuliko kope, kikitembea juu ya weupe wa jicho. Mwanga ulipokipata kikakimbia, kikajificha chini ya kope. Nyuma yake kikapita kingine.

Alimwachia mtoto kichwa polepole kama mtu anayeweka chini sahani iliyojaa.

“Kuna nini, mama?”

“Hamna kitu. Vumbi.”

“Linatembea.”

“Vumbi linatembea, mwanangu. Nyamaza.”

Akachana kipande cha kitambaa safi, akamfunga jicho. Mikono yake, ambayo ilikuwa inapasua fuvu kwa pigo moja, ilishindwa kufunga fundo. Alilifunga mara tatu.

*

Mumewe aliporudi alimweleza wakiwa zizini, kwa sauti ya chini, kana kwamba kondoo nao wana maneno. Mwanamume akavua kofia, akaivaa tena.

“Una hakika umeona?”

“Miaka tisa nawaona, Baba Kidoti. Hawa ni watoto wao.”

“Basi mpeleke hospitali.”

“Wakaling'oe? Hukusikia ya yule mchunga?”

Mume akamsukuma kondoo aliyemjia miguuni. Naye alikuwa amesikia, si bombani bali mnadani, na huko ilisemwa mchunga kang'olewa macho yote mawili. Baadaye akasema, “Halafu watauliza kapata wapi. Utasema zizini kwetu. Kesho nani atanunua kondoo wangu? Na wewe huko uwanjani, nani atanunua kichwa mkononi mwako?”

“Kwa hiyo?”

“Sijui. Tungoje tuone kesho.”

Kesho yake, Jumatatu, mtoto hakupelekwa shule. Jirani alipouliza, mama alisema macho mekundu, yale ya kuambukizana, na jirani akarudi kwake haraka. Uongo ule ulifanya kazi vizuri kuliko alivyotaka: hata mtoto wa jirani aliyezoea kuja kucheza aliitwa kwao kwa kuvutwa sikio. Kidoti alikaa peke yake chini ya dirisha, akainamisha kichwa kulia, akainamisha kushoto.

“Unafanya nini?” mama akamwuliza.

“Nawateremsha upande huu wasipande juu. Nimewasikia mkisema wanapanda.”

Mama akatoka nje, akasimama nyuma ya nyumba.

Alasiri akaja wifi yake, dada mkubwa wa mume, mwanamke asiyebisha hodi. Alifungua kitambaa, akatazama, akafunga.

“Nyinyi watu wa ajabu sana,” akasema. “Kondoo akiwa na funza mnafanyaje?”

“Tunamtia dawa puani.”

“Anapona hapo?”

“Anapiga chafya, wanatoka.”

“Umewaona kwa macho yako wakitoka?”

“Nimewaona.”

“Basi wifi, kondoo wa kuchinjwa Ijumaa mnamtibu, mtoto mnamtazama tu anavyoliwa.”

Na kweli Mama Kidoti alikuwa amewaona wakitoka. Mara ngapi mumewe amemshika kondoo katikati ya magoti, akavuta dawa ya kuogeshea mifugo kwa bomba lisilo na sindano, akamminyia tundu hili na hili. Kondoo akatikisa kichwa, akapiga chafya, na funza wakaanguka mavumbini mmoja, wawili, wanne, wakijinyonganyonga. Dawa ile ilikuwa kwenye chupa ya soda juu ya kabati. Wachuuzi walinunua kopo moja kubwa kwa kuchangiana, kila mmoja akajimiminia yake. Haikuwa na karatasi wala jina. Wote waliiita dawa ya kondoo, ikatosha.

Usidhani hakuwaza. Aliwaza sana. Aliwaza kwamba kondoo ni mkubwa na mtoto ni mdogo, kwa hiyo akachanganya na maji mengi, mara mbili ya anavyochanganya mumewe, mpaka ikawa kama maziwa yaliyotiwa maji. Aliijaribu kwenye ngozi ya mkono wake. Haikumwasha. Ngozi ya mkono ulioshika moto miaka tisa.

“Lala chali, mwanangu.”

“Ni nini hiyo?”

“Dawa ya kuwatoa.”

“Itauma?”

“Kidogo tu. Tone moja.”

Wifi akamshika mikono. Mama akafungua kope, akaona kale kauzi kanakimbia, akaminya.

Mtoto hakulia. Hilo ndilo alilolikumbuka mama baadaye kila alipofumba macho. Kidoti alivuta pumzi ndani na haikutoka. Mwili ukakakamaa kama ubao, miguu ikasukuma mkeka. Kisha akasema kwa sauti nyembamba ya kitoto kidogo zaidi yake, “Inachoma, mama. Inachoma. Itoe.”

Ndoo ilikuwa na maji vikombe viwili. Walimwagia hayo.

*

Jumanne asubuhi kope zilikuwa zimevimba na kushikana. Mama alizilainisha kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, zikaachana. Jicho lililokuwa jekundu sasa lilikuwa na utando mweupe katikati, juu ya mboni, kama kioo kilichopuliziwa pumzi.

Akamfunika lile zima kwa kiganja. “Unaniona?”

“Naona mwanga.”

“Vidole vyangu vingapi?”

Mtoto akafikiri. Alikuwa mtoto mpole, hapendi kukosea. “Vitatu?”

Mama hakuwa ameinua kidole hata kimoja.

Hakumwuliza mume wala wifi. Alimfunga mtoto kitambaa, akatoka naye vilevile na gauni la kazini lenye harufu ya moshi. Kwenye foleni ya kliniki ya macho, mwanamke aliyekaa karibu yao alinusa, akatazama gauni, akatazama kitambaa cha mtoto, akasema, “Wewe si wa vichwa, wewe?” Akahamisha mkoba wake, kisha akajihamisha mwenyewe. Benchi lote likasogea kidogokidogo mpaka wakabaki wawili tu, kama walioketi kwenye kisiwa.

Daktari wa macho alikuwa mwanamume wa makamo, mchache wa maneno. Alitia dawa ya ganzi, akasogeza taa, akatazama kwenye mashine yake kwa muda mrefu. Kwa koleo jembamba akatoa kitu, akakiweka juu ya kioo. Akatoa kingine.

“Funza wa kondoo,” akasema. “Wawili, wamekufa. Hawa si tatizo. Mama, mmetia nini humu?”

“Maji ya chumvi, daktari.”

“Maji ya chumvi tu?”

“Ndiyo.”

Daktari akaondoa uso kwenye mashine. “Funza hawa wanawasha, wanaleta machozi na wekundu. Hawaleti weupe huu. Hili jicho limeungua. Sikuulizi ili nikugombeze. Nataka kujua ninaosha nini.”

Mama akatazama sakafu. Akilini aliona polisi. Aliona wifi akikana. Aliona mume akisema nilikwambia tungoje. Kabla hajafungua mdomo, Kidoti akasema kutoka kwenye kiti, jicho zima likiwa limefunikwa, uso umeelekezwa ukutani ambako alidhani ndiko daktari aliko:

“Ni maji ya chumvi, daktari. Nilimwona mama akichota chumvi.”

Mtoto yule hakuwahi kusema uongo maishani mwake, na huu aliusema vizuri, bila kusita, kwa ajili ya mama yake.

“Ni dawa ya kondoo,” mama akasema. “Ya kuogeshea. Nilimtia mimi kwa mkono wangu, jana alasiri.”

Daktari hakupandisha sauti. Alimwita muuguzi, wakatundika mfuko wa maji, wakaanza kuosha. “Inaitwaje?”

“Haina jina. Iko kwenye chupa ya soda.”

“Kuna zinazounguza juu na kuacha. Kuna zinazoendelea kula ndani, na nyingine zinapita mwilini zinabana kifua. Siwezi kubahatisha. Nenda ukanitafutie jina. Mtoto abaki hapa.”

*

Alikimbia. Mwanamke mzima, mwenye gauni la moshi, alikimbia mchana kweupe na watu wakampisha wakidhani kaiba. Mumewe alikuwa zizini. Kopo lilikuwa kwa mchuuzi mwenziwe, na mwenziwe alikuwa amesafiri kununua kondoo, simu yake haipatikani. “Ni ile ya kopo la bluu,” mume akasema, na akarudia tena, kopo la bluu, kana kwamba rangi ile ingefungua kitu. Dukani kwa dawa za mifugo alikuta rafu nzima ya makopo ya bluu.

Ndipo akamkumbuka Bibi Chupa, akaenda uwanjani. Bibi Chupa alikuwa amechuchumaa kando ya moto na kasha lake. Mama Kidoti alisimama mbele yake, kifua kinapanda na kushuka, akasema yote mara moja, kina mama wote wanasikia. Hakuna aliyecheka.

Bibi Chupa hakuuliza kwa nini. Alifungua daftari lake. “Mumeo ndiye yule mchuuzi mrefu wa kofia? Niliwauliza wachuuzi wote wanawatibu kondoo kwa dawa gani, kwa sababu huwezi kuhesabu funza bila kujua nani kawatia nini. Mwenziwe alinionyesha kopo.” Akapitisha kidole kwenye ukurasa, kikasimama. Palepale akapiga simu kliniki, akasoma jina herufi kwa herufi.

Mama Kidoti akakaa chini, juu ya majivu. “Niliogopa wangeling'oa,” akasema. “Kama la yule mchunga.”

“Mchunga gani? Wa ng'ambo?” Bibi Chupa akamtazama. “Mama, yule namjua. Ana macho yake mawili. Alikwenda kliniki siku ileile, wakamtoa funza, akarudi kuchunga.”

Yule mzee wa meno machache akaacha kukwangua. Muuza mkaa, aliyekuwa ameleta gunia lake pale, akaanza kulifunga upya gunia ambalo lilikuwa limefungwa.

*

Kidoti alilazwa siku kumi na moja. Kila saa alitiwa matone, na kila tone alishika kitanda kwa mikono miwili kabla halijafika. Kifua hakikumbana. Jicho halikung'olewa. Baba yake alikuja kila asubuhi, akakaa mwisho wa kitanda na kofia mapajani. Wifi alikuja mara moja, akasema hakujua, naye kweli hakujua.

Wiki ya sita walirudi kupimwa. Bibi Chupa alikuwapo, amekuja kuwaeleza majibu yake, kwa sababu wale funza wawili aliwaomba akawapime vinasaba.

“Ni ukoo mmoja na waliotoka kwenye vichwa vya kondoo wenu,” akasema. “Nzi alikuwa wa zizini kwenu.”

Mama aliitikia kwa kichwa. Hilo alilijua. Akauliza alilokuwa nalo moyoni tangu siku ile mlangoni. “Kama nisingetia kitu. Kama ningekaa tu nyumbani kwa ujinga wangu, nisimpeleke popote. Wangefika kwenye ubongo?”

Bibi Chupa akamtazama daktari. Daktari akavua miwani, akaifuta.

“Kwa mtu hawakui, mama. Kwenye jicho wanaishi siku chache, pengine wiki, halafu wanakufa wenyewe. Tunawatoa ili wasikwaruze. Basi.”

Mama Kidoti akauliza tena, kama hakusikia, naye daktari akajibu tena vilevile.

Kisha mama akamfunika Kidoti jicho zima kwa kitambaa, akasimama hatua mbili mbele yake, akainua mkono. “Vingapi?”

“Naona mkono,” mtoto akasema.

“Vidole?”

“Naona mkono unapunga.”

Daktari akaandika. Kovu lilikuwa katikati, juu ya mboni, na la namna ile halitoki kwa matone.

Basi wewe mwenye kondoo, au mwenye kazi ya kondoo, au mwenye mtoto anayepita karibu na kondoo, shika haya:

Usitie jichoni dawa ya mnyama, hata tone, hata ukiichanganya na maji ya mto mzima.

Usitie maji ya majani, mafuta, mkojo, wala maziwa ya mama. Maji safi tu, mengi, yanayotiririka.

Usimimine dawa ya mifugo kwenye chupa ya soda. Iache kwenye kopo lake lenye jina.

Usimtume mtoto zizini jua likiwa kali, wakati kondoo wanapiga miguu na kuficha pua. Nzi yupo.

Usimfikiche mtoto jicho wala kumchokonoa kwa pembe ya kitambaa.

Usimfiche daktari ulichofanya. Usimfanye mtoto akufichie.

Usitibiwe na maneno ya bombani.

Usingoje kesho. Jicho likipigwa na kitu saa sita, saa saba uwe njiani.